Vidole viwili au kumi? Jibu kwa mchapaji wa steshenari ya Nyakato

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nafanya kazi kwenye steshenari hapa Nyakato, Mwanza. Nachapa barua, wasifu na mihtasari ya vikundi kwa vidole viwili, macho chini kwenye kibodi. Nimejipima nikapata maneno 14 kwa dakika. Mara mbili nimeanza programu ya kujifunza vidole kumi nikaacha, maana nikifika kazini nikakuta foleni narudia vidole viwili. Je, nianze upya au niongeze kasi niliyo nayo? Itachukua muda gani? Halafu nasikia serikalini wanataka katibu mahsusi wa maneno 100 kwa dakika, ni kweli? Nyumbani sina kompyuta.

JIBU: Marahaba, dada. Anza upya, ila usianze kama ulivyoanza zile mara mbili.

Mchapaji wa vidole viwili hacheleweshwi sana na vidole. Anacheleweshwa na macho. Jicho linasoma maneno mawili matatu kwenye karatasi ya mteja, linashuka kutafuta herufi, linapanda kuhakiki kwenye skrini, kisha linarudi kwenye karatasi kutafuta lilipoishia. Hapo ndipo mstari mzima unaporukwa, au jina la mtu linapochapwa mara mbili. Unaweza kuwa na vidole viwili vyepesi kama vya mpiga zeze, safari hiyo ya macho haipungui. Faida kubwa ya vidole kumi ni kwamba macho yanabaki kwenye karatasi; kasi inakuja baadaye.

Kwanza turekebishe kipimo chako, kwa sababu nahisi umejipunja. Katika uchapaji, "neno" la kipimo si neno la kamusi. Ni mibonyezo mitano, nafasi na nukta zikihesabiwa. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo anayehesabu maneno kwa macho anapata namba ndogo kuliko kasi yake. Chukua tangazo hili:

Wananchi wa kata ya Mkuyuni wanatangaziwa kuwa maji yatakatika kesho kuanzia saa mbili asubuhi.

Ukihesabu kwa macho ni maneno 14. Ukihesabu mibonyezo ni herufi 81, nafasi 13 na nukta moja, jumla 95. Gawa kwa tano, unapata maneno 19. Kwa hiyo kama ulihesabu maneno ya kawaida ukapata 14 kwa dakika, kasi yako halisi iko karibu na 19. Jipime kwa dakika tano, si moja, maana dakika moja mtu yeyote anaweza kukimbia. Word itakuhesabia: bonyeza pale chini palipoandikwa idadi ya maneno, utaona idadi ya herufi pamoja na nafasi. Ukipata mibonyezo 1,150 ndani ya dakika tano, hayo ni maneno 230, yaani 46 kwa dakika. Kisha toa neno moja kwa kila kosa ulilobakiza: makosa kumi kwa dakika tano ni mawili kwa dakika, unabaki na 44. Hiyo ndiyo namba ya kumwambia mtu.

Yale maneno 100 ni mkanganyiko wa siku nyingi. Matangazo ya nafasi za katibu mahsusi serikalini huwa yanataka mtu aliyehitimu kidato cha nne, mwenye mafunzo ya uhazili, aliyefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika, na mwenye cheti cha programu za kompyuta. Hatimkato ni ule uandishi wa alama wa kunukuu maneno ya msemaji kwa kalamu. Haihusu kibodi. Kuchapa maneno 100 kwa dakika ni jambo la wachache sana, na ofisi nyingi zinaridhika na mchapaji safi wa 40 hadi 50. Kwa hiyo usikate tamaa kwa namba hiyo, lakini pia usidhani kasi ya kibodi peke yake itakupa kazi hiyo: hatimkato inasomewa chuoni.

Sasa sababu ya kuacha mara mbili. Umeilaumu foleni, na foleni ina sehemu yake. Lakini naamini programu yenyewe ilikuchosha kwa kuwa ilikuwa inakufundisha Kiingereza. Masomo ya kawaida huanza na herufi za mstari wa kati, yakiwemo mazoezi mengi ya nukta mkato, ambayo kwenye barua ya Kiswahili unaweza kumaliza wiki hujaigusa. Kisha yanakimbilia E, R na T kwa kuwa ndizo zinazobeba Kiingereza. Rudi kwenye lile tangazo la maji uhesabu: herufi 22 kati ya 81 ni A. Zaidi ya robo. E ipo moja tu, ndani ya "kesho". Q na X hazipo, na C imeingia mara moja tu, ikiwa na H yake.

A iko wapi? Chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote, cha mkono ambao wengi wetu hatuutumii kwa kazi za nguvu. Mpangilio wa kibodi tunaoutumia ulitokana na taipureta ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874, na hakuna aliyewaza Kiswahili wakati huo. Kwa hiyo mchapaji wa Kiswahili ana kazi mbili ambazo masomo ya Kiingereza hayamwandai: kukiimarisha kidole cha A, na kuzoeza kidole cha shahada cha kulia kubeba mzigo usio wake peke yake. Nitaeleza.

Mkao wa vidole ni huu. Tafuta kwa kupapasa vile vitufe viwili vyenye kinundu, F na J. Shahada ya kushoto ikae juu ya F, ya kulia juu ya J. Vingine vifuate: kushoto, cha kati kwenye D, cha pete kwenye S, cha mwisho kwenye A, kulia, cha kati kwenye K, cha pete kwenye L, cha mwisho kwenye nukta mkato. Gumba ni la kitufe cha nafasi. Kutoka hapo kila kidole kinapanda na kushuka kwenye njia yake. Cha mwisho cha kushoto kina Q, A, Z. Cha pete W, S, X. Cha kati E, D, C. Shahada ya kushoto ina njia mbili: R, F, V na T, G, B. Kulia, shahada ina U, J, M na Y, H, N. Cha kati kina I, K na koma. Cha pete O, L na nukta. Cha mwisho P na alama za jirani, pamoja na kile kialama cha ng' ya ng'ombe.

Angalia shahada ya kulia ilichopewa: Y, H, N, U, J, M. Sasa chapa "nyumba". N, Y, U, M: herufi nne mfululizo, kidole kimoja. "Muhimu" na "hukumu" zote ziko mkono wa kulia, na shahada ndiyo inayohangaika. Mkuyuni ni hivyo hivyo, mkono wa kushoto unalala usingizi kabisa. Kidole cha kati nacho kina balaa lake: K na I ni za kwake zote mbili, na Kiswahili kimejaa "ki". Hakikisha, kikao, kikundi, likizo, nikikuita. Kwenye maneno haya mwendo utapungua hata ukiwa bingwa, na hapo ndipo anayejifunza anadhani hajui. Unajua. Kidole kimoja hakiwezi kugonga vitufe viwili kwa wakati mmoja, basi. Usibadilishe kidole ili kuokoa nusu sekunde, na usinyanyue kiganja kizima. Acha mkono kutoka kwenye kiwiko usogee kidogo, kidole kiteleze kutoka K kwenda I badala ya kuruka.

Kuna upande mzuri pia, na ni vyema uujue ili usione kama lugha yetu imeonewa tu. Sauti zetu nyingi zinazoandikwa kwa herufi mbili zinapokezana mikono: ch, sh, dh, th, gh, ng, mb, nd, nz, mw, kw. Herufi moja kushoto, nyingine kulia. Mikono ikipokezana ndipo kasi inapopatikana, maana mmoja unagonga wakati mwingine unajiandaa. "Kamanga" ya kwenye kivuko ni tamu kwa vidole: kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha kushoto mara mbili. Igogo nayo ni kupokezana mwanzo hadi mwisho. Zinazosumbua kwa kidole kimoja ni ny, nj, mj, hu, ju, mu, nu, yu na ki. Orodha hiyo ibandike ukutani. Ndiyo inayostahili jasho lako.

Mazoezi basi yafuate Kiswahili. Siku tatu za kwanza baki mstari wa kati tu, ambao kwa bahati njema una maneno kamili: dagaa, sadaka, jalada, shaka, kashfa, haja, hasa, lala, kaka, dada. Andika kila neno mara tano polepole, halafu mstari mzima. Siku ya nne ongeza I na U: kisu, siku, hiki, jiji, dalili, saidia, fika. Kisha N, M, W, T na Y, zote pamoja, kwa siku nne au tano, kwa sababu hapa ndipo Kiswahili chenyewe kilipo: samaki, mtu, watu, kwamba ukishapata B, nyama, mwanafunzi ukishapata Z. Baada ya hapo E, O, B, Z, R. Mwisho C, P, V. Q na X zipe dakika tano za maisha yako, utazikuta kwenye anwani za barua pepe na majina ya kigeni.

Kila siku uwe na dakika tatu za mkono mmoja mmoja. Kushoto: barabara, wataweza, watatetea, sabasaba. Kulia: mkononi, mkoloni, hukumu, umuhimu, Mkuyuni. Maneno hayo yameandikwa yote kwa mkono mmoja, kwa hiyo yanaonyesha haraka mkono upi umebaki nyuma.

Ukishapata herufi zote, acha kufikiria herufi moja moja. Kiswahili kinatembea kwa silabi na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Mkono unapenda mpangilio huo. Zoeza vipande vinavyorudi kila sentensi: wana, wali, ata, hawa, ime, ili, kwa, katika, kwamba, isha, iwa. Wa-na-ta-nga-zi-wa ni vipande sita vya mkono, si herufi 13. Halafu chukua misemo ya kazi yako mwenyewe: "Husika na kichwa cha habari hapo juu", "Natanguliza shukrani", "Wako mtiifu". Umeshaichapa mara elfu kwa vidole viwili, sasa iwe ya kwanza kwa vidole kumi.

Programu zipo za bure zinazofanya kazi bila intaneti, kama Klavaro na TIPP10, na zote zinakuruhusu kuingiza maandishi yako. Ingiza haya ya Kiswahili. Ukikosa programu, Word tupu inatosha, ila zima ukaguzi wa tahajia wakati wa mazoezi: File, Options, Proofing, ondoa alama kwenye ukaguzi wa papo kwa papo. Mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili inavuta jicho na kukuambia umekosea wakati hujakosea.

Usitazame kibodi. Kusema hivyo ni rahisi, kwa hiyo jizuie kwa kitu. Panga rimu tatu za karatasi kila upande wa kibodi, laza kadibodi juu yake kama paa, ingiza mikono chini. Kanga iliyokunjwa juu ya mikono nayo inafaa, ila joto. Kama herufi za kibodi chenu zimefutika, usinunue stika za kubandika. Kibodi kilichofutika ni mwalimu wa bure.

Kuhusu muda, nusu saa kwa siku inatosha, igawe dakika 15 asubuhi kabla ya kufungua na 15 jioni. Saa mbili za Jumapili hazifidii wiki nzima, kwani vidole vinajifunza kwa kurudi mara kwa mara na kulala usingizi katikati. Na sasa foleni. Wiki mbili za kwanza usilete vidole kumi kazini kabisa. Wiki ya tatu na ya nne, chapa kwa vidole kumi kazi ambazo mteja ameacha na atarudi kesho. Anayesubiri amesimama mchapie kwa njia ya zamani. Sharti moja: usibadilishe katikati ya ukurasa. Ukiuanza kwa kumi, umalize kwa kumi hata ukikukera. Kubadilisha katikati ndiko kulikokuangusha, maana mkono haukupata kuamini njia yoyote. Wiki ya tano vidole viwili vife. Utashuka hadi maneno 12 au 15 kwa siku kadhaa, na utachukia. Wengi wanaofanya mazoezi kila siku huifikia kasi yao ya zamani kati ya wiki ya sita na ya nane, na kufika 35 au 40 ndani ya miezi minne hivi.

Katika muda huo wote usifukuzie kasi. Fukuzia usafi. Barua ya ukurasa mmoja uliojaa ina mibonyezo kama 1,800. Ukiwa sahihi kwa asilimia 97, ambayo inasikika vizuri, una makosa 54 ya kurudi nyuma. Kwa asilimia 99 ni 18. Ukurasa huo kwa kasi ya maneno 25 ni dakika 14 na kidogo. Kwa 40 ni dakika 9. Lakini mwenye 40 na makosa 54 atamaliza baada ya mwenye 30 aliye safi, na mteja atakuwa amesimama anamwangalia. Kanuni ya kufanyia kazi: zoezi likiwa chini ya asilimia 97, punguza mwendo, likifika 98 siku tatu mfululizo, ongeza kidogo. Gonga kwa mwendo sawa, kama mtu anayetwanga, si kukimbia kwenye "na" na "wa" halafu kukwama kwenye "hawakuhudhuria".

Ukikosea katikati ya neno refu, usifute herufi tano ukirudi nyuma moja moja. Ctrl pamoja na Backspace hufuta neno zima, lirudie lote. Inaonekana hasara, lakini mkono unajifunza neno zima lilivyo, badala ya kujifunza kosa pamoja na marekebisho yake.

Sasa mambo yatakayoharibika, na maana yake. "Kuku" ikitoka "lili", mkono wa kulia umesogea kitufe kimoja kulia. Rudi kwenye kinundu cha J. Maneno yakigeuka HERUFI KUBWA ghafla, umegonga Caps Lock. Hili litakupata sana, kwa sababu Caps Lock imepakana na A, na A ndiyo unayoigonga kuliko zote. Chanzo chake ni kukisaidia kidole cha mwisho kwa kuinamisha kiganja upande wa kushoto. Shahada ikiendelea kugusa F wakati kidole cha mwisho kinagonga A, tatizo linaisha. Kwa yaliyokwisha haribika, chagua maandishi hayo kwenye Word na ubonyeze Shift na F3 hadi yarudi herufi ndogo, usichape upya.

Herufi kubwa yenyewe inatengenezwa na mikono miwili. M ya Mkuyuni iko kulia, kwa hiyo Shift ibanwe na kidole cha mwisho cha kushoto. W ya Wananchi iko kushoto, tumia Shift ya kulia. Wanaotumia Caps Lock kwa kila jina wanabonyeza mara mbili pale ambapo Shift ingetosha mara moja. Ila ukiwa na tabia ya kupumzisha vidole juu ya Shift, Windows itakushangaza: kuibonyeza mara tano kunaleta dirisha la Sticky Keys, na kubana Shift ya kulia kwa sekunde nane kunaita Filter Keys, ambayo ikiwashwa inapuuza mibonyezo ya haraka. Kibodi kinaonekana kimekufa. Kabla ya kununua kingine, ingia kwenye mipangilio ya kibodi ya walemavu ndani ya Settings, uzime zote mbili.

Kwenye laptopu ndogo za zamani kuna kituko kingine. Num Lock ikiwashwa kwa bahati mbaya, baadhi ya herufi za kulia zinakuwa namba, na Mkuyuni inatoka 024y4n5. Bonyeza Num Lock, au Fn pamoja nayo. Na kama kompyuta yenu ni ya mtumba kutoka Uingereza, utabonyeza Shift na 2 kutafuta alama ya kunukuu ukapata @. Kibodi ni cha Uingereza, Windows imewekwa ya Marekani. Ongeza mpangilio wa Uingereza kwenye mipangilio ya lugha, kisha badilisha kwa kitufe cha Windows na kitufe cha nafasi. Ufanye mapema, kabla vidole havijazoea kosa.

Vumbi la barabarani na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa jioni huingia chini ya vitufe, na kitufe kinachokwama kinafundisha kidole kugonga kwa nguvu. Mara moja kwa wiki zima kompyuta, pindua kibodi, kigonge taratibu mgongoni, pitisha brashi ndogo laini ya rangi. Kitufe cha A kikianza kukataa, badilisha kibodi chote. Kwa Kiswahili huwezi kuvumilia A mbovu.

Kaunta za steshenari nyingi ni ndefu kuliko viti vya plastiki vilivyopo. Matokeo yake mabega yanapanda na viganja vinakunjwa kwenda juu. Weka mto mgumu au kiti juu ya kiti hadi viwiko viwe usawa wa kibodi, kunja vile vimiguu vya nyuma ya kibodi, na usiegemeze viganja mezani wakati unachapa. Egemeza ukiwa umepumzika tu. Karatasi ya mteja isilazwe mezani, isimamishe kando ya skrini ili shingo isiende chini na juu. Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati inayokuamsha usiku si ya kusugulia dawa ya kuchua. Nenda hospitali mapema.

Nyumbani huna kompyuta, lakini nadhani una simu janja. Kuchapa kwenye kioo cha simu hakusaidii chochote hapa, kwani ni kazi ya magumba. Ila simu nyingi za Android zinakubali kibodi cha kawaida cha USB kupitia ile adapta ndogo ya OTG inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu. Chomeka, fungua sehemu yoyote ya kuandikia notisi, simamisha simu kwenye kikombe, chapa. Jaribu kwanza dukani kabla ya kulipa, maana si kila simu inakubali. Faida nyingine ni kwamba umeme ukikatika unaendelea.

Namba zinahitaji siku zao. Wasifu na fomu zimejaa namba za simu na za kitambulisho, na kibodi kamili kina lile eneo la namba upande wa kulia: kidole cha kati kikae kwenye 5, yenye kinundu chake, shahada kwenye 4, cha pete kwenye 6, gumba kwenye 0. Dakika tano kwa siku ya kuchapa namba za simu kumi, wiki mbili, na hutaangalia tena.

Hila moja ya mwisho isiyohusu vidole. Kwenye Word, sehemu ya AutoCorrect, andika kifupi kama "hkh" upande mmoja na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" upande wa pili. Kila ukichapa hkh na nafasi, sentensi nzima inajiandika. Tengeneza kumi za namna hiyo, lakini baada ya wiki ya nane, zisije zikakula mazoezi.

Mwambie mwenye duka kabla hujaanza kwamba wiki ya tano utakuwa mzito. Na uichague isiangukie Januari, wakati wazazi wanamiminika na fomu za kujiunga kidato cha kwanza, wala siku zile ajira zimetangazwa na kila mtu anataka wasifu kabla ya saa kumi jioni.